Krimu ya nano: kabla hujatoa hela, ligeuze kopo

Mbele ya kopo pameandikwa ili upendezwe. Nyuma ya kopo pameandikwa kwa sababu sheria imelazimisha. Ukitaka kujua unanunua nini, anzia nyuma.

Nauza vipodozi Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kabla ya hapo nilikaa dirishani kwenye duka la dawa, na tabia ya kusoma maandishi madogo imenikaa mwilini. Siku hizi haipiti wiki bila mtu kuulizia "ile ya nano", ile inayosifiwa kwamba inapenya hadi chini ya ngozi na kurudisha ujana. Wanaoulizia ni akina mama waliovuka arobaini, wadada wa ofisini, na wanaume pia, ingawa wanaume husema wametumwa na mke. Nitaeleza namna ya kuichagua na kuitumia. Usishangae nikisema kwenye rafu yangu mwenyewe kuna makopo ambayo nisingekushauri uyanunue kwa bei yake. Yapo kwa sababu yanaulizwa. Biashara ni biashara, ila ukiniuliza nitakwambia.

Nano ya mbele na nano ya nyuma

Nanomita ni milimita moja ukiigawa mara milioni. Unywele wako mmoja una unene wa kama nanomita 80,000. Chembe zinazotangazwa kwenye hizi krimu zina ukubwa wa makumi hadi mamia ya nanomita, kwa hiyo usitegemee kuziona wala kuzihisi kidoleni. Krimu ikiwa laini sana, hiyo ni kazi ya mafuta yaliyomo, haithibitishi nano yoyote.

Umoja wa Ulaya una sheria inayosaidia hata sisi tunaonunua huku. Tangu Julai 2013, kiambato kisichoyeyuka chenye chembe za nanomita 1 hadi 100 ni lazima kwenye orodha ya viambato kifuatwe na neno nano ndani ya mabano. Sheria hiyo inalenga hasa vitu kama titani dioksidi na zinki oksidi, yale madini ya kuzuia jua. Haivigusi vibebeo vya mafuta, yaani viputo na chembe za kubebea kiambato, vinavyovunjika vikifika kwenye ngozi. Kwa hiyo bidhaa ya Ulaya inaweza kuwa na vibebeo vizuri kabisa bila neno nano kuonekana popote nyuma, na nyingine ikaandika nano kwa herufi za dhahabu mbele bila kuwa na chochote cha maana ndani. Nano ya nyuma ni ya sheria, ya mbele ni ya tangazo.

Mimi nikiona ya mbele huuliza hivi: imebeba nini, kiasi gani, na mzigo wenyewe ulihitaji kubebwa?

Ngozi haikubali kila mgeni

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa safu juu ya safu, na unene wake wote ni kama sehemu moja hadi mbili za milimita iliyogawanywa mara mia. Wataalamu wa ngozi hulieleza kama ukuta wa matofali: seli ndiyo matofali, na udongo wa kushikia katikati ni mafuta ya aina tatu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huo ndio unaozuia maji ya mwili yasitoke na uchafu usiingie. Hauna habari kwamba hiki ulichopaka umekinunua kwa bei ghali.

Mwaka 2000 Waholanzi wawili, Bos na Meinardi, waliandika kanuni ambayo watengenezaji wa dawa za kupaka bado wanaitumia: molekuli inayozidi uzito wa daltoni 500 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupata shida kubwa kupita kwenye ngozi nzima isiyochubuka. Sasa pima vitu unavyotangaziwa. Niasinamaidi, aina ya vitamini B3, ni 122. Vitamini C ni 176. Retino, aina ya vitamini A inayoandikwa Retinol kwenye kopo, ni 286. Ile Q10 inayosifiwa sana ni 863. Kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, ni kama 300,000. Umeona mwenyewe. Krimu ya kolajeni italainisha uso na kushikilia unyevu juu juu, na hilo si jambo baya, ila habari ya kwenda kujaza kolajeni iliyopungua chini ni hadithi.

Udogo peke yake hautoshi pia. Vitamini C ni ndogo lakini inapenda maji, na ule udongo wa ukuta ni mafuta, kwa hiyo inakwama mlangoni. Watengenezaji huishusha pH, kipimo cha uchachu, iwe chini ya 3.5, chachu kama maji ya limao, ndipo inapita, na ndiyo maana seramu nyingi za vitamini C zinachoma. Retino inapenda mafuta, inapita vizuri, lakini ni dhaifu: mwanga unaiharibu, hewa inaiharibu, joto linaiharibu. Na ikiingia yote kwa mkupuo inawasha na kubabua.

Hapo ndipo kibebeo kina kazi ya kweli. Kinaweza kuilinda retino isiharibike kabla haijafika, kuiachia kidogo kidogo ili isibabue, na kuikalisha karibu na ngozi kwa muda mrefu. Kinachoitwa "kupenya hadi kwenye mizizi ya uzee" sijakikuta popote nje ya maboksi.

Vibebeo unavyoweza kukutana navyo

Kilicho cha zamani zaidi ni liposomu. Ni kiputo kidogo mno, ganda lake ni mafuta ya aina ya fosfolipidi, mara nyingi kutoka kwenye soya, na ndani yake kuna maji. Mwingereza Alec Bangham na wenzake walivieleza viputo hivyo miaka ya 1960, wakiwa hawafikirii vipodozi hata kidogo. Mwaka 1986 Dior wakatoa krimu yao ya Capture yenye liposomu, na tangu hapo neno hilo halijatoka kwenye matangazo. Kitu ambacho matangazo huruka ni kwamba liposomu ya kawaida haipiti ukutani ikiwa nzima. Ikifika juu inavunjika, ganda lake linachanganyika na mafuta ya ngozi, na mzigo ndio unaoendelea na safari, ukiweza. Ni msaada, ila si sindano.

Vya pili ni chembe za mafuta magumu, zilizoanza kutengenezwa Ujerumani na Italia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hizi mimi nazipenda kwa sababu ya hali yetu ya hewa. Zikikauka usoni huacha utando mwembamba unaozuia maji yasitoke kwenye ngozi. Mtu wa Dar es Salaam anaweza asione tofauti. Mtu wa Uyole mwezi wa saba, upepo mkavu, baridi ya asubuhi inayokufanya uoge maji ya moto mpaka ngozi inabaki nyeupe kwa kupauka, ataiona mapema. Na hata kama ndani hakuna retino wala nini, ngozi yenye maji hupunguza ile mikunjo midogo ya pembeni mwa macho. Nusu ya "maajabu ya siku ya kwanza" ni maji tu.

Kuna njia moja ambayo chembe huingia kweli zikiwa nzima: vinyweleo. Kwenye hospitali ya Charité ya Berlin, timu ya Jürgen Lademann ilipaka chembe za kama nanomita 320 zilizotiwa rangi kwenye ngozi ya nguruwe, ikakuta zikisuguliwa zinazama kwenye matundu ya vinyweleo kwa kina zaidi kuliko rangi ileile isiyo kwenye chembe, na zinaweza kukaa humo hadi siku kumi. Kumbe chembe ndogo kupita zote si lazima ndiyo bora. Za mamia ya nanomita ndizo zilizozama vizuri. Na siri kubwa ilikuwa kule kusugua. Unywele ukitikisika unasukuma chembe ndani. Krimu ya bei mbaya ukiipiga usoni kwa sekunde mbili ukakimbilia daladala, umekosa kile ulichokilipia.

Kusoma nyuma ya kopo

Mama mmoja kutoka Tukuyu alinijia na kopo alilonunua mahali kwa hela ya mfuko mzima wa mbolea. Mbele: "Nano Collagen". Nikamwambia mama, hebu tusome wote. Nyuma yake ilianza Aqua, yaani maji. Ikafuata Paraffinum Liquidum, mafuta ya madini ya kawaida kabisa. Glycerin. Nta za kugandisha. Kisha Phenoxyethanol. Kisha Parfum, manukato. Baada ya manukato ndipo ikaja Hydrolyzed Collagen, na mwisho kabisa Lecithin.

Nikamwonyesha kwa kidole. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, ndivyo kanuni za Ulaya na Marekani zinavyotaka, isipokuwa vilivyo chini ya asilimia moja, ambavyo vinaweza kupangwa vyovyote. Phenoxyethanol ni kihifadhi, na Ulaya hairuhusiwi kuzidi asilimia 1. Kwa hiyo kwenye bidhaa inayofuata kanuni hizo, chochote kilichoandikwa baada yake karibu hakika hakifiki asilimia moja. "Mama, huyu mgeni rasmi wako amekaa nyuma ya manukato." Akacheka mpaka akashika kaunta. Akasema ndaga (asante) mwanangu, basi nitapaka miguuni. Kwa miguu ilimfaa, maana glycerin na mafuta ya madini ni vitu vizuri kwa visigino.

Mstari huo wa Phenoxyethanol utumie, lakini kwa akili. Niasinamaidi inatakiwa iwe asilimia 4 au 5 ndipo ifanye kazi inayosifiwa, kwa hiyo ukiikuta chini ya mstari, achana nayo. Retino ni tofauti: kiasi kidogo kinatosha. Mwaka 2024 Ulaya iliweka kikomo cha asilimia 0.3 kwa bidhaa za uso na 0.05 kwa losheni za mwili, kwa hiyo retino kukaa chini ya mstari ni sawa. Kinachotakiwa ni asilimia yake iandikwe mahali. Asiyetaja kiasi ana sababu yake.

Kibebeo utakitambua kwa majina kama Phospholipids, Hydrogenated Lecithin, au Lecithin yenyewe. Ila lecithin hutumika pia kuchanganya mafuta na maji tu, kama kwenye chokoleti, hivyo kuiona si ushahidi kwamba kuna liposomu. Ukiikuta pamoja na kolesteroli na seramidi, hapo mtengenezaji anajitahidi.

Halafu angalia chombo. Hili wengi hawalijali na ndilo rahisi kuliko yote. Retino ndani ya kopo la mdomo mpana, unalofungua kila usiku na kuchovya kidole, ni hela inayopotea hewani. Nunua iliyo kwenye tyubu ya bati au chupa ya pampu isiyopitisha mwanga. Seramu ya vitamini C kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, imeshaanza kuwa na rangi ya chai, mwachie muuzaji. Chupa iliyokaa dirishani mwa duka upande jua linapozama, hata ikiwa halisi, iache.

Tangu 2019 usajili wa vipodozi uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, baada ya kuondolewa kwenye iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Bidhaa isiyo na orodha ya viambato, isiyo na namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda, usiijadili. Nyingi hupita mipakani na watu wa Tunduma wanajua ninachosema. Kwenye orodha yenyewe ukiona Hydroquinone, Clobetasol, Betamethasone, au jina lolote la zebaki kama Mercurous Chloride, Calomel au Ammoniated Mercury, hiyo haikuletei ujana. Clobetasol na Betamethasone ni steroidi za hospitali. Zinang'arisha haraka, kisha zinaifanya ngozi iwe nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na ngozi nyembamba ndiyo uzee wenyewe. Krimu "ya nano" inayobadilisha rangi ya uso ndani ya siku tatu, nano si habari yake. Mtu kakuwekea steroidi.

Na hawa wanaopima kwa kijiko sokoni wakisema wamechanganya "nano" wenyewe: haiwezekani. Kupata chembe za ukubwa huo kwa kawaida kunahitaji mashine inayosukuma mchanganyiko kwa mgandamizo unaozidi ule wa hewa mara mamia, au mawimbi ya sauti yenye nguvu. Blenda ya juisi ya parachichi haifiki huko. Huo ni mkorogo uliobatizwa jina jipya.

Kwanza jua, kisha retino

Mteja akiniambia ana hela ya kitu kimoja tu, simuuzii nano ya usiku. Namuuzia sanskrini, krimu ya kuzuia jua. Kule Nambour, Queensland, Australia, watafiti waliwafuatilia watu wazima 903 wenye chini ya miaka 55 kwa miaka minne na nusu. Waliopangiwa kupaka sanskrini kila siku, ngozi zao zilionyesha kuzeeka kwa asilimia 24 pungufu ya wale waliopaka wanapojisikia. Matokeo yalitoka 2013 na sijaona krimu ya kibebeo chochote yenye ushahidi wa kulingana na huo.

Huku kwetu baridi inatudanganya. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe wametuzidi, na kila ukipanda mita elfu moja mionzi ya jua inayodhuru ngozi huongezeka kwa kama asilimia 10. Unavaa sweta, unaona poa, kumbe uso unapigwa. Kioo cha gari nacho hakizuii yote: miale ya UVA inayozeesha ngozi hupita kwenye vioo vya pembeni. Mwaka 2012 jarida la madaktari la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha miaka 28, nusu ya kushoto ya uso wake ikiwa imejaa mifereji na ya kulia ikiwa ya mtu mdogo zaidi. Huko usukani uko kushoto. Kwetu uko kulia. Mwenye mume anayeendesha barabara ya Tunduma kwenda Dar amwangalie vizuri shavu la upande wa dirisha akirudi.

Ngozi nyeusi ina kinga yake, hilo kweli, na makunyanzi yanatuchelewa. Sisi uzee wa jua huanza na madoa na rangi ya uso kutolingana. Sanskrini ndiyo mahali ambapo nano imetufaa waziwazi. Zinki ya chembe kubwa ukiipaka unabaki kama umepakwa majivu. Ikisagwa hadi nano, weupe unapungua sana, na utafiti mwingi umeonyesha chembe hizo zinabaki kwenye tabaka la juu la ngozi nzima, hazizami mwilini. Isipokuwa usinunue ya kupuliza, kwa sababu mapafu si ngozi. Mwenye madoa ya mimba au ya homoni achague yenye rangi ya kahawia, ile yenye oksidi za chuma, maana inazuia na mwanga wa kawaida unaochochea madoa. SPF (kipimo cha nguvu ya kuzuia jua) 30 na kuendelea, mistari miwili ya krimu kwenye vidole viwili, uso na shingo. Watu hupaka robo ya hiyo halafu wanasema haifanyi kazi.

Ukishazoea sanskrini kila asubuhi, ndipo tuongelee retino ya usiku.

Ijaribu kwanza ndani ya kiwiko, mahali palepale, kila usiku kwa wiki nzima. Pasipowasha wala kuvimba, nenda usoni. Osha uso kwa maji ya uvuguvugu. Hili la maji nalisisitiza kwa watu wa nyanda za juu, kwa sababu asubuhi na jioni za Juni na Julai tunajimwagia maji yanayofuka mvuke, na maji hayo na sabuni ya kipande huyeyusha mafuta ya ule ukuta. Halafu unaleta retino juu ya ukuta usio na udongo. Itababua tu, hata ikiwa kwenye kibebeo cha Mjerumani.

Kausha uso, subiri ukauke kabisa. Toa kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima, siyo kila shavu punje yake. Weka madoa madogo paji la uso, mashavu na kidevu, kisha sugua kwa ncha za vidole, duara ndogondogo, dakika moja au mbili, bila kukandamiza. Kwenye mashavu yenye malaika, zile nywele laini, fuata mwelekeo wote, kwenda na kurudi, kumbuka habari ya vinyweleo vya Berlin. Kaa mbali na kope na pembe za midomo. Ukimaliza, losheni ya kawaida juu. Ngozi kavu sana ianze kwa losheni, retino katikati, losheni tena.

Usiku mbili kwa wiki zinatosha mwezi wa kwanza. Ukiona sawa, tatu. Wenye haraka hupaka kila siku, uso unachubuka, na sisi weusi tukichubuka tunabaki na doa jeusi linalokaa miezi. Umeenda kutibu doa umerudi na matano. Kuanzia Juni hadi Agosti mimi huwaambia wapunguze siku, na watu wa Makambako na upepo wao wapunguze zaidi. Mwanaume akinyoa ndevu kwa wembe, usiku huo aruke.

Usichanganye krimu ya vibebeo na nyingine kiganjani. Viputo vile vinashikana kwa nguvu ndogo sana, na sabuni, spiriti au krimu yenye vichanganyishi vikali inavivunja kabla havijagusa uso. Paka kimoja, subiri, paka kingine.

Mjamzito au anayetafuta mimba asiguse retino ya aina yoyote, iwe ya nano au isiwe. Anayenyonyesha aongee kwanza na daktari. Katika kipindi hicho niasinamaidi na sanskrini zinamtosha.

Kuna kundi ambalo huwa sikubali kuliuzia hata wakisisitiza: waliobabuka kwa mkorogo. Namba zote nilizotaja hapo juu ni za ngozi nzima. Ngozi iliyokonda na kuchanika hupitisha vitu vingi zaidi, na kibebeo kinachosaidia retino kuingia kitasaidia pia kuichoma. Hao waanze na vazilini na losheni isiyo na manukato mpaka ngozi itulie. Na aliyetumia krimu ya steroidi miezi mingi asiiache ghafla kwa kujiamulia, maana uso unaweza kulipuka ukawa mwekundu na kuwaka moto. Aende kliniki ya ngozi. Hapa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda, na nchi hii ina kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi pale KCMC Moshi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo wataalamu wapo. Uende na kopo lenyewe mkononi.

Kusubiri na kutunza

Retino inahitaji wiki 12 kabla hujaanza kuuliza maswali. Utafiti wa Michigan wa 2007 ulitumia losheni ya asilimia 0.4 kwa wazee wenye wastani wa umri wa miaka 87, hadi mara tatu kwa wiki, kwa wiki 24, na makunyanzi madogo yalipungua. Losheni ya retino tu. Kama retino ya kawaida kwenye tyubu haikuwashi na bei yake ni theluthi ya ile ya nano, chukua ya kawaida na hela inayobaki nunua sanskrini ya pili. Ya kibebeo ipe nafasi ukiwa na ngozi inayolalamika haraka, au ukiona mtengenezaji ametaja kiasi cha retino na chombo chake ni cha kueleweka.

Piga picha ya uso kabla ya kuanza, dirisha lilelile, saa ileile, bila filta. Kioo cha kila siku hakionyeshi mabadiliko ya miezi.

Krimu hizi usiziweke juu ya kabati lililo karibu na jiko la mkaa, wala kwenye dashibodi. Usizigandishe pia: barafu inavunja viputo, na kuna usiku wa Makete ambapo hata nje ya friji kitu kinaganda. Kabati la chumbani, giza, kifuniko kimebanwa. Ukifungua ukakuta maji yamejitenga na mafuta, ukitikisa itaonekana imerudi sawa, lakini vibebeo vimeshavunjika na unapaka losheni ya bei ghali. Ikiwa bado na harufu nzuri, malizia miguuni. Ikinuka kama mafuta ya kukaangia yaliyolala, tupa. Na boksi lenye orodha ya viambato usilichome takataka siku ya kwanza. Likunje uliweke chini ya droo, kwa sababu uso ukivimba usiku wa manane, daktari wa zamu atakuuliza umepaka nini, na "ile ya nano" haitamsaidia kitu.